Tela la futi 40 limebaki uani, kichwa hakifiki kwenye pini: linatokaje?

Swali la msomaji: Shikamoo mzee. Nina tela la marehemu mjomba, flatibedi ya futi 40, ekseli tatu, tairi mbilimbili, halina mzigo. Liko uani kwetu Tabata toka kichwa chake, yaani lori la kulivuta, kiuzwe. Wakati linaingia dereva alipita kwenye kiwanja cha jirani kilichokuwa wazi, akalirudisha rivasi, akalichomoa kwenye kichwa, akatoka na kichwa kwa njia hiyohiyo. Sasa jirani kajenga ukuta, uko mita 4 tu mbele ya pua ya tela. Mkia umeangalia geti letu na umebakiza mita 6 kulifikia. Ukisimama ndani ukaangalia geti, kushoto kuna mita 5 hadi ukuta wa godauni, kulia mita 6 ziko wazi. Geti lina mita 5, njia ya nje mita 7, ng'ambo ni ukuta wa watu. Nguzo ya TANESCO iko nje upande wa kulia wa geti, na barabara kubwa iko hukohuko kulia. Mnunuzi nimempata ila madereva wawili wamekuja wakaangalia wakaondoka, mmoja kasema tulikate vipande. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Usilikate. Chesisi ikishakatwa hapo unauza chuma chakavu kwa kilo, na hilo tela kwa maelezo yako ni zima kabisa. Linatoka. Ila halitoki kwa namna waliyokuwa wanaiangalia hao madereva, na siwalaumu sana, maana dereva akifika sehemu kama hiyo jicho linaenda kwenye kichwa tu, kichwa kitasimama wapi, kitakatia kona wapi, akiona hamna nafasi anapanda boda anaenda zake. We anzia nyuma kwenye tairi, alafu ndo uje mbele.

Iko hivi. Tela la semi halina usukani, kichwa kinachofanya ni kupeleka pini (kile chuma kilichotokeza chini ya pua, ndo kinachoshikwa na kichwa) huku na huku tu, linakozunguka tela lenyewe ni kwenye ekseli, na kwenye ekseli tatu kama zako linazungukia pale kwenye ekseli ya kati. Kwahiyo pua ikienda kulia mkia unaenda kushoto, hamna ujanja hapo. Kwenye flatibedi nyingi za futi 40 tulizonazo, kutoka pini hadi ekseli ya kati ni kama mita 8, na kutoka ekseli ya kati hadi mwisho wa mkia ni kama mita 3, we pima la kwako maana watengenezaji wanatofautiana. Kwa vipimo hivyo ukivuta pua mita 3 kulia, kona ya mkia inaenda karibu mita nzima kushoto, na hapo ndo watu wanavunja kuta za watu, kwasababu kila aliyepo uani amesimama mbele anampigia dereva kelele na huko nyuma hakuna hata mtoto anayeangalia.

Sasa kabla hujamlipa mtu yeyote, tafuta boksi gumu, rula, mkasi na sindano. Kila mita 1 ifanye sentimita 2. Kata kipande cha sentimita 25 kwa 5, hilo ndo tela (mita 12 na nusu kwa 2 na nusu), choma tundu la pini mbele na tundu lingine pale kwenye ekseli ya kati. Kata kingine cha kichwa, kichwa cha ekseli mbili kina kama mita 6, cha ekseli tatu kinakaribia 7. Kwenye karatasi kubwa chora uani kwenu kama ulivyo, kuta, geti, nguzo ya umeme, mtaro kama upo, na usikisie, shika tepu upime, tena pima uwazi wa geti kutoka mlango hadi mlango ikiwa imefunguliwa maana milango yenyewe inakula sentimita zako. Alafu anza kusogeza. Tela linatakiwa liende mbele na nyuma kwa mstari wake na kuzunguka pale kwenye sindano ya ekseli, ukiona unalisukuma kimbavumbavu jua unajidanganya, tairi haziendi kimbavu labda uzinyanyue.

Ukifanya hivyo utagundua kitu ambacho nadhani hujakitegemea: shida yako kubwa sio zile mita 4 za mbele, shida iko getini. Kwa namba ulizonipa, geti mita 5 na njia mita 7, hilo tela halipiti hata umlete dereva gani. Angalia, mkia ukitoka nje inabidi uanze kulala kufuata njia, na jinsi linavyozidi kulala ndo linavyozidi kulijaza geti, likifika mlalo wa nyuzi 30 na ukuta basi upana wake wa mita 2 na nusu unakuwa umeziba mita 5 zote, huku na huku linagusa, na hapo ili liwe limetoka lote lingehitaji njia yenye upana wa mita 8 na nusu hivi. We una 7. Linakwama katikati ya geti, nusu nje nusu ndani, na hapo ndo majirani wanaanza kutoka nje na simu zao kupiga picha.

Kwahiyo ni kubomoa kidogo. Nguzo ya geti ya kushoto, na kipande cha ukuta kinachoifuata, ili uwazi ufike mita 8. Ukifika mita 7 kwa hesabu linapita ila linabakiza sentimita 20 tu kwenye ukuta wa ng'ambo, sentimita 20 kwa tela ni sawa na hamna kitu, ukiwa na mita 8 unabakiza kama sentimita 70 na hizo mtu anaweza kufanya nazo kazi. Najua hujapenda kusikia habari ya kubomoa, ila weka gharama ya fundi wa matofali siku mbili na mifuko michache ya saruji upande mmoja, alafu upande wa pili weka kreni kubwa ya kunyanyua tela zima juu ya ukuta, inayohesabiwa toka inapowasha injini kwao, na inataka pa kutandaza miguu yake, na kwenu kuna nyaya za umeme pale nje. Bomoa ukuta. Ni wa kwenu, hauombi kibali cha jirani.

Kwanini kushoto na sio kulia? Kwasababu mbili na bahati nzuri zote zinaelekea sehemu moja. Barabara kubwa iko kulia, kwahiyo unataka mwisho wa yote tela lilale njiani mkia uko kushoto na pua kulia, dereva anaondoka kwa mbele bila kugeuza tena. Ya pili, dereva akiwa kwenye kichwa anarudi rivasi anakuwa amelipa geti mgongo, kushoto kwenu mnaoangalia geti ndo kulia kwake, na kwenye kichwa cha usukani wa kulia anatoa shingo dirishani anaona mkia na tairi zake mwenyewe. Mkia ukikunjia upande wa utingo anakuwa kipofu, anategemea kioo na kioo kikishaanza kukunja kinamwonyesha ubavu wa tela tu. Ila kama mnunuzi atakuja na kichwa cha usukani wa kushoto, vipo vingi tu mjini, basi mwambie mapema, itabidi utingo awe mtu anayejua kazi kwelikweli.

Haya, tela lenyewe. Limesimama muda, usifikirie utafunga upepo liondoke kama jana. Zile busta za nyuma kwenye ekseli, yale makopo ya upepo wa breki, zina springi ndani, upepo ukiisha springi inabana breki, ndo maana tela lililochomolewa kichwa halitembei, na ili iachie unahitaji upepo wa kutosha, sema bar 6 kwenda 7. Mwite fundi tairi mwenye kompresa ya kueleweka aje apige upepo kupitia hozi nyekundu, ile ya njano ni ya breki ya mguu haitakusaidia kitu hapo. Angalia na kitufe cha kupaki cha tela, mara nyingi kiko pembeni kwenye chesisi karibu na ekseli, chekundu, kama kimevutwa hutaona breki ikiachia hata ujaze upepo mpaka kesho. Ukishajaza zima kompresa usikilize. Kukiwa na sehemu inapiga ssss ifuate na maji ya sabuni, kwa kawaida ni hozi zimepasuka kwa jua au mpira wa busta umetoboka.

Hata upepo ukiwepo, hapo kwetu Dar na huu unyevu wa bahari, viatu vya breki vinashikana kutu na duramu. Breki imeachia ila tairi halizunguki. Usivute kwa nguvu! Gonga duramu kwa nyundo kubwa kuzunguka, taratibu, utasikia sauti inabadilika toka ngumu ya kufa inakuwa inaita kidogo, hapo kiatu kimeachia. Zile zinazokataa kabisa nyanyua ekseli na jeki moja moja uone ni ipi. Na kama busta ni mbovu haipokei upepo kuna boliti ndefu inayoingia kwa nyuma ya busta yenyewe inakaza springi kwa mkono, fundi anaijua, ila kumbuka ukishakaza hizo zote tela halina tena breki ya kupaki, kwahiyo magogo ya kuzuia tairi yanawekwa KABLA, mbele na nyuma. Na nakuomba sana, mtu asifungue ule mkanda wa kuzunguka busta eti anataka kuona springi. Ile springi ikiruka inaua, sio kuumiza, inaua.

Tairi. Jaza upepo zote hata zile zenye nyufa, unataka zikusogeze mita kadhaa tu, haziendi Tunduma. Ila tairi lililokaa bila upepo muda mrefu lina tabia ya kupasuka ubavuni wakati unalijaza, kwahiyo hozi iwe ndefu, mtu akae pembeni kwa mbele ya kukanyagia, sio ubavuni ameinama anachungulia saa ya upepo. Watoto wasiwepo.

Miguu ya tela nayo imeshazama, nakuhakikishia. Usianze kuizungusha na handeli ikiwa imeshika uzito wote. Weka jeki la tani 20 au zaidi chini ya boriti kuu la chesisi nyuma kidogo ya miguu, chini ya jeki mbao ngumu nene mbili zilizopishana, nyanyua kidogo, chimbua miguu, weka mbao pana chini yake, shusha. Mbao ya mninga au mkongo iliyotupwa kwenye karakana inafaa sana. Matofali hapana. Tofali la saruji linabeba uzito vizuri tu mpaka dakika linapoamua, halikuonyi, linapasuka vipande mara moja na tela linakaa juu ya chochote kilichopo chini, ikiwemo mkono wa mtu.

Sasa kulisogeza. Hapa kuna njia mbili, itategemea sakafu ya uani.

Kama chini ni zege au kifusi kilichoshindiliwa, kodi foklifti ya tani 5. Tela tupu la namna hiyo linabeba uzito mwingi nyuma kwenye ekseli, pua yake inaweza kuwa tani 2 hivi, kwahiyo hata ya tani 3 ingeweza kunyanyua ila ile namba iliyoandikwa kwenye foklifti ni ya mzigo uliokaa karibu na mlingoti, mzigo ukiwa nchani mwa uma nguvu inapungua sana, ndo maana nasema 5. Ila pima kwanza urefu wake kama inaenea kwenye hizo mita 4 uma ukiwa umeingia chini ya pua, kwa kawaida inaenea. Uma upanuliwe ubebe chini ya boriti kuu mbili za chesisi, sio chini ya bati, mbao katikati ya chuma na chuma ili zisiteleze, na mnyororo ufungwe pua isikimbie. Unanyanyua kiasi cha miguu kuachia ardhi, basi, sentimita 5 zinatosha, na unasukuma nyuma kunyooka mita 5. Usimruhusu dereva wa foklifti akate kona, uma hauna pini ya kuzungukia, akikata anajipindua yeye.

Hapo nani anashika breki? Yule mwenye hozi. Kompresa ikiwa imefungwa kwenye ile nyekundu na tenki la tela limejaa, breki zimeachia, siku mtu akipiga kelele "simama!" yeye anachomoa hozi tu na tela linajifunga lenyewe. Kwahiyo huyo mtu asiwe anachat.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla foklifti haijagusa tela, KICHWA KIINGIE NDANI KWANZA. Kiingie na pua yake ikiangalia ukuta wa jirani, kipite kulia kwenye zile mita 6, kisimame kisubiri. Nimeona watu wamesukuma tela vizuri kabisa mpaka getini, wanapongezana, alafu kichwa ndo kinafika kipo nje na tela limeziba geti. Inabidi urudishe kila kitu.

Ukishasukuma mita 5 una mita 9 mbele ya pua, kichwa cha ekseli mbili kinakaa hapo na chenji inabaki, kinazungushwa mbele ya pua kinarudi chini ya tela karibu kunyooka.

Kama chini ni mchanga au tope, foklifti sahau, itazama na utakuwa na vitu viwili vya kutoa. Hapo unafunga kichwa kwa mshazari. Watu wengi wanadhani lazima kichwa kinyooke na tela ndo pini iingie, sio lazima, ile sahani ya mgongoni mwa kichwa inataka tu mdomo wake uikute pini, mshazari hauna shida ilimradi mkia wa kichwa usigonge miguu ya tela na kona ya pua isiguse kabini. Kwa nafasi yako, mita 4 mbele na 6 kulia, kichwa cha ekseli mbili kinaweza kuingia kwa nyuzi kama 60, pua ya kichwa ikiwa imeangalia kona ile ya ukuta wa jirani. Cha ekseli tatu hakienei, nimekuchorea kwenye karatasi hapa nikaona kinagonga ukuta. Ukibahatika kumpata mtu mwenye tagimasta, zile za bandarini fupi zenye sahani inayonyanyuka kwa haidroliki, hapo umemaliza, ila huwa hazitoki hovyo.

Kufunga kwenyewe ni hivi, na hapa usiwe na haraka hata mnunuzi akinuna. Magogo yako kwenye tairi, breki za tela zimebana. Utingo anapaka grisi kwenye sahani. Anapima kwa macho: bati la chini ya pua linatakiwa liwe chini kidogo ya sahani, kiasi kwamba kichwa kikiingia kinalinyanyua chenyewe, ukisikia chuma kinakwaruza grisi na pua inapanda kama inapumua ndo sahihi. Bati likiwa juu sana pini inapita juu ya taya za sahani zinazoishika badala ya kuingia, unaweza hata kusikia mlio ukadhani imefunga. Kichwa kinarudi polepole gia ya chini kabisa, grisi inasukumwa pembeni inajikunja, alafu kinasikika kitu kimoja kizito, KAH, na handeli ya pembeni inarudi ndani yenyewe. Bado. Dereva anavuta mbele kidogo huku breki za tela zimebana, kama ni ya uongo itachomoka hapohapo miguu ikiwa bado chini, hasara kidogo. Alafu mtu anaingia chini na tochi anaangalia kama taya zimeikumbatia pini na hakuna uwazi kati ya bati na sahani. Ndo mnafunga hozi na waya wa taa, mnapandisha miguu yote hadi mwisho. Kusahau mguu mmoja chini ni jambo la kawaida kuliko unavyofikiri.

Kama mmefunga kwa mshazari msijaribu kurudi nyuma moja kwa moja, tela litazidi kujikunja na kona ya pua itaingia kabini. Vuta mbele kidogo ulichonacho, hata mita 2, usukani ukielekea kunyoosha, rudi nusu mita, vuta tena. Ni kazi ya kuchosha na tairi za nyuma zitalia kwa kuburuzwa, ekseli ya mbele na ya tatu zinasuguliwa kimbavu kila ukizunguka, kwahiyo mwagia maji chini ya tairi, ndoo kadhaa, zege lililolowa linateleza na tairi linapona. Kwenye udongo usimwage maji utatengeneza tope, hapo tafuta vipande vya bati nene la chuma, paka grisi, vitangulize chini ya tairi za ekseli ya tatu. Ukiona tairi linaanza kuvuka rimu simama, rudi, anza upya kwa mshazari mdogo zaidi.

Kutoka getini sasa. Watu watatu tu wanaongea, na dereva amwangalie mmoja. Mmoja kona ya nyuma kushoto, mmoja pale kwenye nguzo ya umeme, wa tatu anasimama sehemu dereva anamuona kwa dirisha na huyo ndo pekee anayetoa ishara, hao wengine wawili wanamwambia yeye. Tela linarudi kunyooka mpaka ekseli ya kati iwe imepita mstari wa ukuta, kabla ya hapo pua isiende kulia hata kidogo, maana mkia bado uko getini na utabomoa ile sehemu ambayo hukupanga kubomoa. Ekseli ikishatoka mkia unakuwa umebakiza mita 3 hadi 4 kufika ukuta wa ng'ambo. Hapo dereva anapeleka pua kulia, mkia unaanza kulala kushoto, ubavu wa tela unapita ule uwazi mliobomoa. Utingo wa kona ya nyuma aweke kiganja kwenye ukuta wa ng'ambo na asimame ubavuni, sio katikati ya ukuta na tela, pengo likifika upana wa kiganja na dole gumba anapiga kelele. Rudi kidogo, vuta kidogo. Mtavuta na kurudi mara nyingi na ndivyo inavyotakiwa iwe, dereva anayetaka kutoka kwa mkupuo mmoja mlipe nauli aende.

Na likigoma kabisa likiwa limebakiza kidogo? Mkia unaweza kuburuzwa. Jeki mbili chini ya chesisi, tairi zikinyanyuka unaingiza bati la chuma lenye grisi, unashusha, chenibloku (ule mnyororo wa kuvutia mizigo kwa mkono) inavuta mkia sentimita unazotaka, pini mbele inazunguka yenyewe. Ila chenibloku unaifunga wapi, hapo ndo penye maneno. Sio kwenye nguzo ya TANESCO, wala ule waya wake wa kuishikilia, na wala sio kwenye ukuta wa watu. Leta lori lingine zito lisimame njiani ndo liwe kigingi. Hakuna anayeruka wala kusimama juu ya mnyororo ukiwa umekaza.

Likishalala njiani, pua kulia, bado kuna kona ya kuingilia barabara kubwa na wengi wakifika hapo wanakuwa wameshalegea. Kumbuka tairi za nyuma hazifuati alipopita kichwa, zinakata ndani. Pini ikizunguka duara la nusu kipenyo mita 12, na tela lina mita 8 toka pini hadi ekseli, tairi zinapita kwenye mita 9, yaani zinaingia ndani mita 3 nzima, hapo kama kuna mtaro, genge la mama ntilie au mlingoti wa bango upande wa ndani ndo unaliwa. Dereva aende mbele sana kabla ya kukata. Na mpelekeeni taarifa mwenyekiti wa mtaa mapema, njia itafungwa nusu siku, mkifanya Jumapili asubuhi mapema mtagombana na watu wachache.

Kuhusu pesa, andikishaneni na mnunuzi kabla ya kubomoa, nani analipa ukuta, nani foklifti, nani tairi likipasuka. Bei ya tela likiwa uani na bei likiwa barabarani ni bei mbili tofauti, na mimi ningemuuzia likiwa barabarani. Tafuta na kadi ya tela, tela lina usajili wake na namba yake, halifuati kadi ya kichwa kilichouzwa, na kama iko kwa jina la marehemu hilo la mirathi lianze leo maana litachukua muda kuliko kubomoa ukuta. Nitumie picha za pale kwenye geti ukishapima kwa tepu, na picha ya chini ya pua ionyeshe pini vizuri, pini nyingi za huku ni za inchi 2 ila zipo na za 3 na nusu, na kama la kwako ni hilo la pini nene basi kichwa cha mnunuzi kinaweza kisifunge kabisa, bora tujue sasa hivi.